Deki ya video kwa mikanda ya zamani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuhamisha mikanda ya video kwenda kwenye kompyuta, hapa Dar es Salaam. Naletewa harusi za miaka ya themanini, maulidi, ubatizo, mahafali, na mara nyingi mkanda mmoja tu ambao ndani yake mtu aliyekwisha kufariki anaongea na kucheka. Wengi wangependa kuifanya kazi hii wenyewe nyumbani, na wanaanza kwa kuniuliza wanunue deki gani. Majibu ninayowapa ni haya.

Deki si deki tu? Kwa nini nihangaike kuchagua?

Picha ya VHS, yaani ule mkanda mkubwa wa kawaida wa video, haikuandikwa kwenye mkanda kwa mstari mnyoofu kama sauti ya kaseti ya redio. Mkanda una upana wa milimita 12.65, na picha imelala juu yake kwa milia ya mshazari, kila mmoja mwembamba kama unywele. Milia hiyo iliandikwa na vichwa vilivyo kwenye dramu, yaani silinda ndogo inayozunguka ndani ya deki, na dramu hiyo katika mfumo wetu wa televisheni wa PAL huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Ili picha itoke safi leo, kichwa cha deki yako kinapaswa kupita juu ya milia ileile ambayo deki au kamera nyingine kabisa iliandika miaka 35 iliyopita. Deki iliyochoka, yenye mpira uliokauka au njia ya mkanda iliyopinda kidogo, itapita pembeni. Hapo utaona chenga, mistari inayokatiza picha, rangi zinazoyeyuka, sauti inayopanda na kushuka.

Watu hutumia fedha kwenye kompyuta na kifaa cha kunasa picha, kile kinachoiingiza picha ya deki kwenye kompyuta, kisha wanachomeka deki waliyoiokota stoo. Ningekuwa mimi ningefanya kinyume chake. Kompyuta hupokea tu kile ambacho deki imeweza kukisoma, na kilichopotea hapo hakuna programu inayokirudisha.

Naweza kupata deki mpya dukani?

Hapana. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ilikuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. JVC, waliouanzisha mfumo wa VHS mwaka 1976, walikuwa wameshaacha kutengeneza deki za VHS peke yake tangu 2008. Kila deki utakayoiona ni ya mtumba, hata ikiwa ndani ya boksi lake. Na deki iliyokaa boksini miaka 20 bila kuwashwa si lazima iwe nzima: mipira huganda na grisi hugeuka gundi.

Nina mikanda ya ukubwa tofauti. Yote inaingia kwenye deki moja?

Haiingii. Mkanda mkubwa wa kawaida ni VHS. Ule mdogo mnene, unaokaribia ukubwa wa pakiti ya sigara, ambao kamera nyingi za mkononi zilikuwa zikitumia, ni VHS-C. Huo una utepe uleule wa VHS, kwa hiyo unauweka ndani ya adapta yenye umbo la mkanda mkubwa kisha unauchezesha kwenye deki ya VHS. Adapta nyingi hutumia betri ndogo moja, kwa hiyo fungua kifuniko uangalie kama betri ya zamani haijavuja ndani.

Video8 na Hi8 ni habari nyingine. Utepe wao ni wa milimita 8, na hakuna adapta yoyote duniani ya kuuchezesha kwenye deki ya VHS. Nasema hivi kwa sauti kwa sababu nimeona watu wakiuziwa adapta ya VHS-C wakiambiwa itafanya kazi. Mikanda hiyo inahitaji kamera yake. Ukipata kamera ya Sony ya Digital8 ambayo inasoma mikanda ya zamani ya Video8 na Hi8 (si modeli zote zinaweza, uliza na ujaribu), umepata kifaa kizuri sana, maana inageuza picha kuwa ya kidijitali yenyewe na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya mmoja.

Betamax, mfumo mwingine wa zamani wa mikanda, inachezwa kwenye deki ya Betamax tu.

PAL, NTSC, SECAM: mimi zinanihusu nini?

Hiyo ni mifumo ya televisheni ya nchi mbalimbali. Inakuhusu sana ukiwa na ndugu waliotawanyika, na familia nyingi za pwani ziko hivyo. Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Uingereza zote zilikuwa PAL: mistari 625, picha 25 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani zilitumia NTSC: mistari 525, karibu picha 30 kwa sekunde. Ufaransa ilikuwa na SECAM, na mfumo huo ulifika Kongo na Burundi. Kwa hiyo nyumba moja ya Tanga inaweza kuwa na mkanda wa harusi ya shangazi Muscat (PAL), mkanda wa mjomba aliyejirekodi na watoto wake kwenye theluji ya Toronto (NTSC), na mkanda uliotoka Bujumbura (SECAM).

Mkanda wa SECAM kwenye deki ya PAL peke yake kwa kawaida hucheza, lakini bila rangi. Mkanda wa NTSC ni tatizo zaidi, kwa sababu hata mwendo wa utepe ni tofauti: milimita 33.35 kwa sekunde kwenye NTSC, na 23.39 kwenye PAL. Deki isiyoijua NTSC itachana picha na kuifanya sauti ya mjomba iwe nzito na ya kuburuza.

Usitegemee maandishi ya mkanda kukuambia mfumo. Herufi E, kama E-180, ilikuwa ya nchi za PAL na SECAM. T, kama T-120, ilikuwa ya NTSC. Ila hizo zinaonyesha urefu wa utepe tu. Utepe wenyewe ni uleule, na watu wengi walinunua T-120 Ughaibuni wakaja kurekodia kwa kamera ya PAL nyumbani. Mfumo unaujua kwa kuuchezesha.

Basi si ninunue deki inayosoma mifumo yote?

Inategemea maana ya "kusoma". Deki nyingi za PAL za miaka ya tisini zina alama inayosema zinacheza NTSC kwenye televisheni ya PAL. Zinachotoa si NTSC halisi, ni mchanganyiko: mistari ya NTSC na rangi za PAL. Televisheni nyingi zilizotengenezwa tangu miaka hiyo hukubali, lakini kifaa cha kunasa kwenye kompyuta mara nyingi huchanganyikiwa na kuleta picha nyeusi na nyeupe, au inayoruka. Kwa kutazama tu inatosha. Kwa kuhifadhi haitoshi.

Zipo pia deki zenye kibadilisha mfumo ndani yake, kama Samsung SV-5000W na Panasonic AG-W1. Zinasifiwa sana, na kwa mtu mwenye mikanda michache ya kila aina anayetaka kuitazama, zinafaa. Lakini kile kibadilishaji ni cha miaka ya tisini. Kikigeuza NTSC kuwa PAL kinaleta mwendo wa kudundadunda. Ukiwa nayo, iache itoe mfumo uleule ulio kwenye mkanda.

Ushauri wangu kwa aliye na mikanda 40 ya PAL na miwili ya NTSC: nunua deki nzuri ya PAL, na hiyo miwili mpe ndugu aliyeko Marekani au Kanada aihamishie huko.

Vichwa viwili, vinne au sita?

Chukua vinne au zaidi, na hakikisha imeandikwa Hi-Fi.

Deki ya vichwa viwili hutumia vichwa vilevile kwa mwendo wa kawaida, SP, na kwa mwendo wa polepole, LP, kama ina LP. Ya vichwa vinne ina jozi kwa kila mwendo, na inasimamisha picha vizuri zaidi. Hivyo viwili vinavyoongezeka hadi kufika sita ni vya sauti ya Hi-Fi, na faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. VHS ya kawaida huandika sauti pembeni mwa utepe, kwenye mstari mwembamba, na kwa kuwa utepe unakwenda polepole sana, sauti hutoka kama ya simu. Sauti ya Hi-Fi iliandikwa na dramu, chini ya picha, na inakaribia ubora wa CD. Kama aliyerekodi ile taarabu ya harusini alitumia mashine ya Hi-Fi, na wewe unacheza kwa deki isiyo nayo, fidla zote na ganuni zimo kwenye mkanda lakini hutazisikia kwa ubora huo.

Kuna wakati Hi-Fi inanguruma, brrr brrr, kwa sababu kichwa hakikai sawasawa juu ya mlia. Jaribu kwanza kurekebisha trakingi, yaani jinsi kichwa kinavyofuata mlia, kwa mkono. Ikishindikana, bonyeza kitufe cha sauti kwenye rimoti uende kwenye sauti ya kawaida ya pembeni. Ndiyo maana rimoti ya asili ni sehemu ya bei: kwenye deki nyingi, mipangilio muhimu haipo popote isipokuwa humo.

S-VHS ni nini, na ina faida kama mikanda yangu ni VHS ya kawaida?

S-VHS ilitoka 1987. VHS ya kawaida inaonyesha takribani mistari 240 kwa upana wa picha, S-VHS takribani 400. Deki ya VHS ya kawaida haisomi mkanda wa S-VHS ipasavyo. Lakini hata ukiwa huna mkanda mmoja wa S-VHS, deki ya aina hii ndiyo ninayokushauri uitafute.

Sababu ya kwanza ni tundu la S-Video. Kwenye utepe wa VHS, mwanga na rangi viliandikwa mbalimbali. Waya wa njano wa kawaida unavichanganya, kisha kompyuta inalazimika kuvitenganisha tena, na katika kuchanganya na kutenganisha huko ndiko vinakozaliwa vile vidoti vinavyotambaa pembezoni mwa nguo nyekundu. S-Video inavipeleka vikiwa mbalimbali hadi mwisho. Sababu ya pili ni kwamba hizi zilikuwa deki za bei ya juu, na njia ya mkanda ndani yake imetengenezwa kwa uangalifu zaidi.

Kila mtu anaongelea TBC. Ni lazima?

Si lazima, lakini tofauti yake inaonekana na mtu yeyote.

Angalia mlango au nguzo kwenye mkanda wako wa zamani. Ukingo wake unatetemeka, umepindapinda kama kitu kinachoonekana chini ya maji. Kila mstari wa picha umechelewa au umewahi kidogo, kwa sababu utepe umenyumbuka na mashine haiendi kwa mwendo mmoja kikamilifu. TBC, yaani kirekebisha muda, hupokea kila mstari, huushika kidogo, kisha huuachia kwa wakati wake. Nguzo inanyooka. Nyuso za watu zinatulia. Mara ya kwanza kuiona kazi hiyo nilikuwa nacheza mkanda wa nyumbani kwetu, na nakshi za kanga ya mama, ambazo siku zote nilidhani hazikurekodiwa vizuri, zikasomeka.

Kwa deki za PAL zenye TBC ndani, zinazotafutwa sana ni JVC HR-S7600 na HR-S9600, na Panasonic NV-FS200 na NV-HS1000. Kwa NTSC, JVC HR-S9911U na Panasonic AG-1980. Nimezoea kuona JVC zikifanya vizuri sana kwenye mikanda ya SP, na AG-1980 ikiwa mvumilivu kwa mikanda ya NTSC iliyorekodiwa kwa mwendo wa polepole kabisa, EP. Panasonic hizi za zamani zina ugonjwa unaojulikana: kapasita zake huzeeka na kuvuja. Picha ikianza kufifia au kujaa mistari, ni kazi ya fundi mwenye subira na chuma cha kuchomelea, na haifai kuinunua kwa bei ya nzima.

TBC si dawa ya kila mkanda. Ipo mikanda ambayo TBC ya ndani ikiwashwa, picha inaruka juu na chini. Izime, linganisha, chagua. Na kwenye JVC weka mpangilio wa picha kuwa EDIT, ili deki isiongeze ukali wa bandia.

Deki hizo hazipatikani huku. Hakuna njia ya mtu wa kawaida?

Ipo, na mimi mwenyewe nilianza nayo. Tafuta deki yoyote ya VHS yenye vichwa vinne na Hi-Fi, ya Panasonic, JVC, Sony, Philips au nyingine, iliyo nzima. Kisha tafuta rekoda ya DVD ya Panasonic DMR-ES10 au DMR-ES15. Hurekodi chochote humo. Unapitisha tu picha kutoka kwenye deki, inaingia kwenye rekoda, inatoka kwenda kwenye kompyuta. Rekoda hizo mbili zinanyoosha mistari kwa namna inayokaribia TBC, na zinatuliza picha ambayo juu yake imepinda kama bendera. Wenye maduka ya vifaa vya zamani huziuza kama DVD tu, kwa hiyo bei yake huwa ya kawaida.

Deki ya kawaida iliyo nzima na rekoda hiyo zinaishinda deki maarufu iliyochoka. Hilo nimelithibitisha mara nyingi.

Na zile mashine za VHS na DVD pamoja, zenye HDMI?

Kwa kutazama sebuleni, sawa. Kwa kuhifadhi, kaa mbali nazo ukiweza. Nyingi ni za miaka ya mwisho wa VHS, plastiki nyepesi, na HDMI yake inakuzwa na kuchakatwa na chipu ya bei nafuu kabla hujaiona. Baadhi haziruhusu kabisa picha ya mkanda kutoka kwenye tundu la S-Video. Inatoka ya DVD tu.

Nimeona deki dukani. Nitaijuaje kama ni nzima?

Nenda na mikanda miwili isiyo na thamani kwako, mmoja wa SP na, ukiupata, mmoja wa LP. Usiende na mkanda wa familia. Miaka iliyopita nilijaribu deki niliyoinunua siku hiyohiyo kwa mkanda wa harusi ya kaka yangu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Ilitafuna dakika mbili za mwanzo, zile ambazo bi harusi anatolewa ndani. Dakika hizo hazipo tena popote.

Kabla ya kuiwasha, itikise taratibu usikie kama kuna kitu kimekatika ndani. Fungua mlango wa mkanda kwa kidole uchungulie kwa tochi: vumbi si neno, lakini kutu, mayai ya mende au unga mweupe ni ishara mbaya. Mende wanapenda deki kwa joto lake, na kinyesi chao huharibu saketi.

Washa, ingiza mkanda. Sikiliza. Deki nzima humeza mkanda kwa mwendo mmoja, bila kukwaruza wala kusitasita. Cheza dakika tano, si sekunde kumi. Mstari wenye fujo chini kabisa ya picha ni kawaida ya VHS, usiuhofu. Chenga nyeupe zinazopita katikati na kurudi, hapana. Picha yote ikiwa chenga na sauti inasikika, huenda vichwa ni vichafu tu, na muuzaji akikubali kupunguza bei unaweza kubahatisha.

Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi hawafanyi: peleka mkanda mbele hadi karibu na mwisho, ucheze hapo, halafu urudishe nyuma mpaka mwanzo. Deki yenye mpira uliochoka hucheza vizuri mwanzoni na kulemewa utepe ukishahamia upande wa pili. Ukitoa mkanda, inua kifuniko chake (kuna kitufe kidogo pembeni) utazame utepe. Ukiona mikunjo kwenye ukingo, au mstari mrefu wa mkwaruzo, irudishe deki na uondoke, hata kama picha ilikuwa nzuri. Itaufanyia hivyohivyo kila mkanda utakaoiwekea.

Ndugu yangu atanitumia deki kutoka Marekani. Kuna tahadhari?

Umeme. Kule ni volti 120, Japani 100, kwetu ni 230 hadi 240. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, umeiua kabla hujaona picha. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, na usome maandishi nyuma ya deki, kwani baadhi hukubali volti zote. Hata kwa deki ya hapa, tumia stabilaiza. Umeme ukikatika mkanda ukiwa unacheza, utepe unabaki umezungushiwa dramu, na ukirudi kwa kishindo ndipo mikunjo inapotokea.

Kwenye mkanda kuna ukungu mweupe. Niucheze tu?

Usiucheze. Ukanda wetu wa pwani una unyevu mwingi na hili ndilo tatizo ninaloliona kuliko yote. Chungulia kwenye kidirisha cha mkanda: kama juu ya roli ya utepe kuna mabaka meupe au ya kijivu kama unga, hayo ni makuvu. Ukiuingiza, unga unaenda kwenye vichwa, na mkanda utakaofuata nao unaambukizwa. Mkanda mmoja mbovu unaweza kuchafua kabati zima.

Utenge kwenye mfuko wake. Ukaushe kwanza, mahali pakavu penye hewa, si juani. Kazi ya kuufuta inafanywa taratibu, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, huku utepe ukipelekwa mbele na nyuma kwenye mashine iliyotengwa kwa mikanda michafu tu, mtu akiwa amevaa barakoa. Kama huna mashine ya pili, hii ni kazi ya kumpa anayeijua.

Jambo linalohusiana: ukitoa deki kwenye chumba cha kiyoyozi ukaileta sebuleni penye joto, ndani yake hutokea umande, na utepe hunata kwenye dramu. Iache saa mbili tatu kabla ya kuiwekea mkanda.

Vichwa vinasafishwaje?

Mkanda wa kusafishia utumie kwa nadra, aina kavu hasa, maana hukwaruza. Njia salama ni kuchomoa umeme, kufungua kifuniko, na kuweka alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kipande cha ngozi laini. Kibandike ubavuni mwa dramu, ukishikilie bila kukandamiza, na uzungushe dramu kwa mkono wa pili ukishika juu yake. Usisugue juu na chini kamwe: kichwa ni kipande kidogo sana, kinavunjika. Na usitumie pamba ya masikio, nyuzi zake hunasa kwenye kichwa na kuking'oa. Pamba hiyo inafaa kwa nguzo za chuma ambazo utepe unapita. Roli la mpira linalobana utepe nalo lifute. Likiwa linang'aa kama kioo, limekwisha kazi.

Deki imetafuna mkanda na umebaki ndani. Nifanye nini?

Usibonyeze kutoa tena na tena, na usivute. Chomoa umeme, fungua kifuniko cha deki, uondoe utepe kidogo kidogo kwenye kila nguzo kwa vidole safi. Kama umekatika, unaungwa kwa utepe maalumu wa kuungia mikanda ya video, unaobandikwa upande wa nyuma. Selotepu ya dukani usiitumie. Gundi yake huyeyuka kwa joto na kuishia kwenye vichwa. Kipande kilichoharibika kikikatwa utapoteza sekunde chache, na vilivyobaki vitapona.

Nikishapata deki, nianze na mkanda upi?

Usianze na ulio muhimu zaidi. Anza na ya kawaida mpaka uiamini mashine. Ila usisubiri mwaka: deki ikiwa nzima leo, fanya kazi leo.

Kabla ya mkanda wowote kuingia, geuza mgongo wake utazame kile kijisahani cha plastiki kwenye kona. Kama bado kipo, kivunje. Bila hicho deki haiwezi kurekodi juu yake, hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu. Kisha upeleke mkanda mbele hadi mwisho na uurudishe nyuma mara moja, kwa sababu utepe uliokaa miaka bila kuguswa hugandamana tabaka kwa tabaka. Ndipo uucheze, na unase mara hiyo ya kwanza uichezayo. Wapo wanaotaka kuutazama kwanza wote. Mkanda dhaifu unaweza usikupe nafasi ya pili.

Upande wa kompyuta niweke mipangilio gani?

Kwa PAL, nasa kwa vipimo 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na uiache na mistari yake ya kupishana (interlaced). Usiruhusu programu kuibana kuwa faili dogo palepale. Muundo wa DV huchukua takribani gigabaiti 13 kwa saa. Isiyobanwa kabisa huchukua zaidi. Tunza faili hilo kubwa kwenye diski mbili tofauti, katika nyumba mbili tofauti. Kutoka humo ndiyo utengeneze nakala nyepesi ya kutuma kwa ndugu kwenye WhatsApp.

Mikanda ya filamu za kununua nayo niihamishe?

Mingi ina kinga ya Macrovision inayofanya picha ing'ae na kufifia ukijaribu kuinakili, na haki zake ni za wenyewe. Tumia uhai wa deki yako kwa kile ambacho hakuna mwingine duniani anacho. Kwa Tanzania Bara hilo lina uzito wa pekee. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini Bara vituo vya televisheni vilianza 1994. Miaka yote ya nyuma yake, deki ilifika majumbani kabla ya kituo cha kurusha matangazo, na picha nyingi zinazotembea za mitaa yetu, mavazi yetu na sherehe zetu zipo kwenye mikanda ya wapiga video wa harusi.

Nikimaliza, mikanda niitupe?

Usiitupe. Nimewahi kurudia mkanda ule ule baada ya miaka minne, kwa deki bora zaidi, na picha ya pili ikawa haifanani na ya kwanza. Irudishe nyuma hadi mwanzo, iweke kwenye maganda yake, isimamishe wima kama vitabu, mbali na sakafu, dirisha na spika kubwa zenye sumaku. Weka kijipaketi cha kunyonya unyevu ndani ya boksi na ukibadilishe kila masika. Na juu ya kila mkanda andika kwa kalamu: jina la aliyemo, mwaka, na mfumo. Kama bibi bado yupo, kaa naye mtazame pamoja, akutajie majina ya wale walioketi safu ya nyuma.